Bakuli la Tisa ya Kwanza

Dulam alikuwa na karatasi, baba yake alikuwa na bakuli, na bonde zima la Borkhoi lilikuwa linangoja bakuli.

Karatasi aliileta mwenyewe kutoka kituo cha hali ya hewa cha wilaya, ambako kwa miaka ishirini na miwili alisoma vipimo mara nane kwa siku, upepo uvume, mtoto alie, mume anune. Ilikuwa na kichwa kirefu kuhusu mwelekeo wa majira ya baridi katika jangwa la Gobi, na chini yake maneno yasiyo na mzaha: Desemba itadanganya watu kwa upole wake; mwaka ukigeuka, theluji itaanguka mara mbili ya kawaida na baridi itashuka hadi nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri. Kwa mfugaji hayo yote yana jina moja fupi, zud. Mbuzi anaparua theluji mpaka kwato zinatoka damu, nyasi hazioni, basi anasimama, na hapo hapo aliposimama anakufa.

Dawa yake inajulikana. Unahama mapema, siku mbili kwa mwendo wa mifugo, unavuka pengo la mlima na kuingia Korongo Jekundu, ambako upepo haufiki na kisima hakigandi. Ila uwahi. Theluji ikishaziba pengo, utabaki huku uwandani wewe na mbuzi wako mkitazamana.

"Tuhame wiki hii," Dulam aliwaambia watu wa nyumba zote tano, na alisema kama mtu anayesoma saa ukutani. Dulam hakuwa mtu wa labda.

"Tutaliona bakuli kwanza," walimjibu.

Bakuli lilikuwa la Mzee Jamsran, baba yake, la fedha, limebonyea ubavuni tangu siku ngamia alipolikalia. Siku za baridi huku huhesabiwa tisa tisa, mara tisa. Tisa ya Kwanza pombe ya maziwa inaganda, ya tatu pembe za fahali zinapasuka, ya tano wali uliopikwa hauwi tena jiwe, na ikifika ya tisa mtu anavua koti la manyoya na kujikuna anapotaka. Kila mwaka, usiku ule wa kwanza, Mzee Jamsran alilijaza bakuli pombe ya maziwa ya ngamia na kuliweka nje juu ya jiwe. Ikiganda, baridi ni ya kweli, watu wafunge virago. Isipoganda, majira ya mwaka huo ni ya kuchekea, watu wakae. Wao walimsikiliza kama walivyomsikiliza baba yake, na babu yake.

Sasa, pombe ile mzee mwenyewe hakuionja. Miaka kumi na tisa nyuma aliapa mbele ya lama, mtawa wa Kibudha, kwamba kilevi hakitapita tena mdomoni mwake, na hakikupita. Wala kuinusa hakuweza, maana ugoro ulikuwa umeiua pua yake zamani. Ungemchomea ngozi ya mbuzi chini ya kidevu, yeye angekuuliza chai iko wapi. Kila vuli alikeneka chupa moja tu, akaifunga kitambaa cha buluu na kuiweka katika sanduku jekundu ingojee usiku wake.

Asubuhi ya siku ya pili, kabla jua halijapanda, watu walikuwa wamelizunguka jiwe, mvuke ukiwatoka puani. Sharkhuu, jirani mwenye miguu ya upinde na mdomo usio na breki, ndiye aliyeinama wa kwanza.

"Haijaganda!" alipiga kelele. "Jamani njooni muone, inacheza! Nyeupe kama maji ya kisima!"

Lo, furaha iliyozuka pale! Mtu na jirani yake wakapigana mabega. Nani anapenda kuhama katikati ya baridi, kuvunja hema, kubebesha ngamia, kubeba watoto na vizee?

"Dada wa serikali," Sharkhuu akamgeukia Dulam, "vipi tena? Ile theluji yako imekwama njiani? Imeishiwa mafuta?"

Watu wakacheka. Dulam akatabasamu kwa meno bila macho.

"Mwacheni," mwingine akadakia. "Mwaka ule pia alikuja na karatasi."

Hapo kicheko kikapungua, kwa sababu mwaka ule wote waliukumbuka. Miaka mitatu nyuma karatasi ya Dulam ilitangaza theluji kama hii, na watu wakahama mbio mbio, na theluji haikuja. Majira yalikuwa laini kama shavu la mtoto. Kilichokuja ni hasara ya safari yenyewe: mjane Handsuren, ambaye hakuwa na mtu wa kumsaidia kuswaga, alipoteza mbuzi wake wenye mimba pale kwenye pengo, karibu wote. Wakati huu alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, ameshika ncha ya shali yake. Hakucheka wala hakumtazama Dulam.

Na Dulam hakumtazama yeye. Kwa kweli hajamtazama miaka mitatu. Mara ya mwisho walipokutana dukani mjini, Dulam alivikagua viberiti kwenye rafu kama mtu ambaye hajawahi kuona kiberiti, mpaka mwenzake akatoka. Namba zinatoka makao makuu, alijiambia. Mimi nasoma tu.

Mzee Jamsran alilitazama bakuli kwa muda mrefu, akalitikisa, akalitazama tena. Mwisho akainua kichwa.

"Bakuli limesema," alitamka. "Hatuhami."

Watu wakatawanyika, kila mmoja na njia yake, wakiitana kwa furaha. Dulam akabaki. Kipimajoto chake alikuwa amekitundika kwenye kamba ya hema, na kilisoma nyuzi kumi na sita chini ya sifuri. Pombe ya maziwa huganda kwenye nyuzi saba au nane tu chini ya sifuri; hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Hakuwa na shaka na kipimajoto, wala na karatasi. Basi kosa lilikuwa bakulini. Akainama, akavuta pumzi.

Vodka. Tena vodka ya dukani, ile inayonuka harusi za mjini na alfajiri zake.

Akainua macho. Hatua kumi kutoka pale mumewe, Zorigt, dereva, mtu wa maneno mengi siku zote, alikuwa anazichunguza buti zake kama ndiyo kwanza amezipata.

Dulam alimvuta mkono mpaka nyuma ya gari lake la Kirusi.

"Zorigt."

"Naam, mke wangu mpenzi."

"Mpenzi mwenyewe! Chupa ya baba iko wapi?"

"Si ile pale bakulini?"

"Zorigt!"

Akavua kofia, akaivaa tena. "Mwezi uliopita. Tulipokuja kuchinja nyama ya baridi. Baba alikuwa amelala, mimi koo limekauka... nikaonja kidogo."

"Kidogo."

"Cha kwanza kilikuwa kidogo! Halafu nikaiangalia chupa, nikaona imepungua, nikasema hii mtu ataigundua. Bora nimalize, nijaze nyingine. Na nilijaza nzuri, Dulam, haki ya mama! Ile yenye nembo ya dhahabu. Nilidhani namheshimu mzee."

"Vodka hiyo haigandi mpaka nyuzi ishirini na saba!"

"Nitajuaje? Mimi ni dereva."

"Wewe ni dereva, unaijua kuliko mimi!"

Zorigt akavua kofia tena. Mbele yao, zizini, mbuzi wa baba yake walikuwa wanasukumana wakitaka kutoka, na kila mmoja Dulam angeweza kumtaja kwa jina, yeye na nyanya yake. Nyumba tano. Wote watakaa uwandani kwa sababu ya koo moja lililokauka.

"Sikiliza," Zorigt akanong'ona, "kuna njia. Sema kituo kimepiga simu. Tahadhari mpya, kali, ya haraka. Watahama, na hakuna atakayejua habari ya chupa. Mimi sitaaibika, baba hataaibika."

Dulam alilifikiria. Tusimsingizie utakatifu, alilifikiria sana. Kisha akasema, "Hawataniamini," na aliposikia maneno hayo yakimtoka kwa sauti yake mwenyewe, yalimuuma kuliko alivyotarajia.

"Basi tufanyeje?"

"Utamwambia wewe."

"Atanichinja."

"Atakuchinja, halafu tutahama. Maji umeyavulia nguo, Zorigt. Yaoge."

Walimkuta mzee amekaa kando ya jiko, bakuli la chai ya chumvi mkononi. Lile la fedha alikuwa ameliingiza ndani na kuliweka mbele ya sanduku jekundu, likiwa bado limejaa. Zorigt akapiga magoti na kusema yote, haraka haraka, bila kuruka neno, hata nembo ya dhahabu aliitaja.

Mzee akanyanyuka. Akalichukua bakuli, akachovya kidole cha pete kama afanyavyo mtu anayetaka kurushia mbingu tone la sadaka. Hakurusha. Akakitia kidole mdomoni.

Miaka kumi na tisa.

"Ya dukani," mzee akasema. Akamgeukia binti yake. "Chombo chako kilisoma ngapi alfajiri?"

"Kumi na sita, baba."

"Na yangu ingeganda?"

"Ingeganda kabla watu hawajalala."

Akakaa. Aliona haya, ilikuwa wazi usoni mwake, na Dulam, ambaye tangu utoto hajawahi kumwona baba yake akiona haya, hakujua aangalie wapi. "Nilishangaa," mzee akasema polepole. "Masikio yalikuwa yananiuma kwa baridi, nikajiambia masikio ni ya kizee. Nilitaka tukae. Nimechoka kuhama. Basi nikaliamini bakuli."

"Baba, usiseme habari ya chupa." Maneno yalimtoka Dulam kabla hajayapima. "Nitawaambia kituo kimepiga simu. Watu wapate sababu ya kuhama, na jina lako libaki."

Mzee akamtazama kama anayemtafuta mtu nyuma yake.

"Nimewaambia watu wakae kwa mdomo huu," akajibu. "Mdomo huu huu utawafuata. Nitandikie ngamia."

"Nikupeleke kwa gari, baba," Zorigt akajitolea kutoka pale chini.

"Gari lako linakunywa kama mwenyewe. Wewe baki uvunje hema."

Basi wakaenda wawili, baba na binti, kila mmoja juu ya ngamia wake. Kwa Sharkhuu ndiko kulikokuwa karibu, na Sharkhuu alitoka mlangoni anatafuna mfupa.

"Sharkhuu," mzee akasema, akiwa ameshashuka, maana neno la namna hii halisemwi kutoka juu ya mnyama. "Niliyowaambia asubuhi si kweli. Bakuli lilikuwa na vodka. Sikuionja, sikuinusa, nikatamka. Nimekosea. Theluji inakuja, hama."

Sharkhuu alicheka mpaka mfupa ukamdondoka. "Vodka! Mzee Jamsran na vodka! Nani? Nani aliyeitia? Acha niseme mwenyewe, ni yule mkwe wako, yule pipa lenye magurudumu!"

"Bakuli ni langu," mzee akajibu.

Alisimama tu pale kwenye baridi, mikono imeshuka, anangoja. Kicheko cha Sharkhuu kikazunguka zunguka, kikakosa pa kukaa, kikafa. Akauokota mfupa wake, akaufuta theluji kavu.

"Mzee," akasema, "mimi nina miaka hamsini na miwili. Nimewasikia wenye mabakuli, wenye redio, wenye viti ofisini. Hajawahi kuja hata mmoja mlangoni kwangu kuniambia amekosea." Akamtupia Dulam jicho moja, fupi. "Nitahama. Leo leo nafunga virago, kabla hujakosea tena."

Dulam alizivuta hatamu za ngamia ambaye hata hakuwa ametikisika.

Wakapita nyumba ya tatu, na ya nne, na kila mahali mzee alishuka, akasema maneno yale yale, hakupunguza moja. Mwisho wakafika kwa Handsuren. Mzee akaingia ndani. Dulam akasema atabaki nje kuwashika ngamia, ingawa ngamia walikuwa wamelala chini, wametulia, wanacheua. Alisikia sauti ya baba yake kupitia ukuta wa hema, kisha sauti ya mjane: "Sawa, Mzee. Alfajiri nitakuwa njiani."

Akatoka na kikapu cha kuokotea samadi. Wakakutana uso kwa uso.

"Hujambo," Handsuren akasema.

"Sijambo."

Akapita. Dulam akazigeukia hatamu za ngamia. Mtu aliyesema bila kigugumizi kwamba theluji itakuwa mara mbili ya kawaida alishindwa kutoa sentensi ya maneno mawili.

Safari hii hawakumwacha mjane peke yake. Mzee aliamuru mbuzi wake watangulie katikati ya kundi la kila mtu, na Zorigt ndiye aliyepewa kazi ya kuwabeba walegevu ndani ya gari lake, mmoja mmoja, hadi juu ya pengo. Alinuka mbuzi kwa mwezi mzima na hakuthubutu kulalamika. Walivuka wote.

Na siku ya nne baada ya kuvuka, Dulam akiwa amesharudi kituoni, mbingu ikashuka. Theluji ilianguka usiku na mchana, pengo likazibika mpaka mabegani mwa mlima, na mwaka ulipogeuka, kipimajoto cha Dulam kule kituoni kikasoma thelathini na tatu, thelathini na nne, thelathini na tano. Karatasi ilikuwa imesema kweli, neno kwa neno. Kutoka mabonde ya jirani zilikuja habari ambazo watu walizisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Kutoka Korongo Jekundu zilikuja simu za kawaida tu, nani anaumwa jino, nani ameishiwa unga, na mara moja Sharkhuu mwenyewe alipiga kuuliza kama dada wa serikali anaweza kupunguza kidogo, wamemwelewa.

Katika Tisa ya Tano, Dulam alipata likizo akaja, akizungukia njia ya kusini siku nzima. Asubuhi baba yake alimwita nje. Juu ya jiwe jipya palikuwa na bakuli lile la fedha, safari hii limejaa wali. Mzee akabonyeza kwa kidole.

"Juu mgumu, ndani laini," akasema. "Chombo chako?"

"Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Inapanda."

"Basi tumekubaliana." Akawatupia mbwa wali, akalipangusa bakuli kwa mkono wa koti lake, akampa. "Lichukue. Mwaka ujao utaliweka wewe."

Dulam akacheka. "Baba, mimi nina vipimo. Namba zangu zilikuwa sahihi, umeona mwenyewe."

"Nimeona. Zilikuwa sahihi na hakuna aliyezisikiliza." Hakusema kwa ukali. "Chombo chako hakiwezi kwenda kwa Handsuren kumwambia kilikosea. Wewe unaweza, na hukwenda. Miaka mitatu, mwanangu."

Kumbe alijua. Bonde zima lilijua, bila shaka, hata wale mbuzi. Dulam alisimama na bakuli mkononi, uso ukimwaka kwa joto ambalo kipimajoto kisingelisoma. Kisha akajifunga shali na kuteremka korongo, maana kama angesubiri kunywa chai kwanza, asingekwenda.

Hema la Handsuren lilikuwa chini kidogo tu, unaweza kurusha jiwe. Alimkuta anamlisha mwanambuzi dhaifu kwa kitambaa kilicholowa maziwa.

"Nimekuja kusema," Dulam akaanza. "Mwaka ule nilikosea. Nilikwambia uhame, ukahama, ukapoteza mbuzi wako. Sikuja hata kukupa pole. Niliona haya, nikajificha."

Handsuren hakuacha kumlisha mwanambuzi. Kitambaa kilipokauka akakichovya tena.

"Mbuzi niliwasamehe mwaka ule ule," akasema. "Mbuzi hufa. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nakungoja. Kila gari likipita nilisema, huyo Dulam anakuja. Nilikuwa na maneno ya kukutukana, mazuri kweli, nikayaweka. Sasa nimeyasahau yote."

"Yatafute. Nitasikiliza."

Mjane akamtazama hatimaye, machozi yamemjaa na mdomo unataka kucheka. Akampakata mwanambuzi, akachukua birika, akamimina chai ndani ya lile bakuli la fedha lililobonyea, pomoni, mpaka ikamwagikia vidole vya Dulam.

"Kaa chini," akasema. "Haya niambie, wewe mwenye namba. Kesho hali ya hewa ikoje?"

"Upepo utatulia asubuhi," Dulam akajibu bila kusita. "Jua litatoka, mchana nyuzi nane tu chini ya sifuri. Unaweza kuwatoa mbuzi." Akapuliza chai. "Na nikikosea, keshokutwa nitakuwa hapa mlangoni."